Ukiuziwa dawa ya uzazi ya "nano", uliza haya kabla hujatoa hela

Jamani hii nano imefika mpaka ndani ya basi la Busia. Juzi jamaa kasimama katikati ya siti, ameshika pakiti za kijani, chai ya nano, inayeyusha fibroidi (vile vivimbe vya kwenye mfuko wa uzazi), inafungua mirija, elfu thelathini tu nyabo. Nikamwuliza ndani mna nini, akanijibu "nano". Sasa nano si dawa, ni saizi tu ya vitu vidogo mno, nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000 hivi.

Kwa hiyo uliza kwanza dawa yenyewe inaitwaje. Dawa ya nano ya kweli ina jina, kwa mfano ya saratani ya ovari ni doksorubisini iliyofungwa ndani ya vipovu vidogo mno vya mafuta, Marekani waliiruhusu kwa ovari 1999, na inapita kwa dripu chini ya daktari wa kansa, haichemshwi na tangawizi. Ukishapewa jina mwulize mfamasia au litafute mwenyewe kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, iko kwenye tovuti yao. Jamaa wa basi nilipomtajia NDA akahamia siti za nyuma.

Dawa ya nano ya kweli ambayo wengi wetu tunaweza kukutana nayo ni dripu ya chuma ya wajawazito, chembe ndogo ndogo za chuma zimezungushiwa sukari, rangi yake kahawia nzito kama kahawa ya turungi. Kama damu yako iko chini na vidonge vya damu vinakutapisha au havipandishi kitu, mwulize nesi wa kliniki kuhusu hiyo dripu, ila miezi mitatu ya kwanza kwa kawaida hawaiweki. Ikiingia ukasikia mkono unachoma au unavimba pale kwa sindano sema saa hiyo hiyo usione aibu, ikivuja chini ya ngozi inaacha doa la kahawia ambalo halitoki leo wala kesho. Ikiisha kaa nusu saa wakuangalie, ukiwashwa au kifua kikibana waite.

Na kuna ya bure kabisa, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatolewa Uganda nzima tangu 2015 kwa wasichana wa miaka 10. Ni maganda matupu ya kirusi, ndani hamna kitu cha kuambukiza, kwa hiyo mtoto hawezi kupata HPV kwa sindano hiyo.

Kuhusu fibroidi, anza na skani. Na kama unalowesha pedi kila saa acha chai, panda boda uende hospitali.