Somo: Kumbunia bodigadi wa karne ya 22 deraya inayoaminika

Wengi tukiandika bunilizi za kisayansi humvika bodigadi deraya ya askari wa vitani. Kazi zao hazifanani. Askari akisikia mlio hutafuta pa kujikinga. Bodigadi husimama wima mbele ya risasi ili mwingine apone.

Hatua ya 1: Anza na tukio, si vazi. Mimi huanzia Washington, tarehe 30 Machi 1981, Rais Ronald Reagan alipopigwa risasi nje ya hoteli. Mlinzi wake, Tim McCarthy, alimgeukia mshambuliaji, akajitanua, akapigwa tumboni. Alipona. Lakini risasi iliyompata Reagan iligonga kwanza ubavu wa gari lake la kuzuia risasi, ikadunda, ikamwingia chini ya kwapa la kushoto. Yaani kinga yenyewe ndiyo iliyomrudishia risasi mwenye kukingwa! Basi deraya ya bodigadi isidundishe risasi. Iimeze.

Hatua ya 2: Panga matabaka. Nyuzi kama Kevlar, zilizovumbuliwa na Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont mwaka 1965, hunasa risasi za bastola. Risasi za bunduki kubwa za kivita zinataka bamba gumu. Bamba la seramiki, kitu kigumu cha jamii ya vigae, huivunjavunja risasi, nalo hupasuka palepale; tabaka la nyuma hudaka vipande. Usiuondoe udhaifu huo kwenye hadithi yako. Bamba lililokwisha kupasuka haliaminiki tena mahali hapo, na msomaji akilijua hilo, risasi ya pili itamkosesha pumzi. Ukitaka seramiki inayojiunga yenyewe, ipe dakika kadhaa za kufanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Ifiche. Bodigadi huvaa suti. Watafiti wamekwisha kulowesha vitambaa vya Kevlar katika kimiminika chenye chembe za silika (madini ya mchanga), kinachokuwa kigumu kikipigwa ghafla. Koroga konifulawa nyingi kwa maji kidogo uone: kidole kikiingia taratibu kinazama, ukipiga ngumi mchanganyiko unagoma. Shona suti nzima kwa wazo hilo.

Hatua ya 4: Acha maumivu. Katika vipimo vya Marekani fulana ya kuzuia risasi huwekwa juu ya udongo laini, na risasi ikishindwa kupenya bado inaruhusiwa kuubonyeza udongo hadi milimita 44. Hebu fikiria kina hicho kifuani. Shujaa wako asiinuke akajipangusa vumbi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kisu je?*
Swali zuri. Ncha kali hupenya kwa kutenganisha nyuzi, kwa hiyo fulana ya risasi peke yake haitoshi. Ongeza wavu wa vipete vya chuma au nyuzi zilizosukwa kwa kubana sana.

*Kwa nini nisitumie chuma tu?*
Uzito, ndugu yangu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.8, ya seramiki ya boroni kabidi ni kama 2.5. Tena chuma kitupu hutawanya vipande, na bosi yuko mgongoni pako.

*Hadithi yangu iko Mombasa. Hatakufa kwa joto?*
Atateseka kweli, dada. Jasho la Pwani halikauki upesi, na fulana inaziba upepo. Mpitishie mirija myembamba ya maji baridi chini ya nyuzi, kisha amua betri yake inaisha saa ngapi.

*Na ngao ya nishati?*
Itumie, ila tuambie nguvu ya risasi imekwenda wapi. Ikigeuka joto, nani anaungua?