Jinsi ya Kupima Gemu Mpya ya Fantasia Mbele ya Zile za Zamani

Kila inapotoka gemu kubwa ya kuigiza uhusika, yenye mazimwi, uchawi na falme zinazogombana, wachezaji wakongwe huuliza kama inafikia Baldur's Gate ya 1998, Planescape: Torment ya 1999 au Morrowind ya 2002. Swali hilo ni halali kabisa, ila wengi hulijibu kwa kumbukumbu, nayo kumbukumbu hutunza kilele cha hadithi na kuzisahau saa nyingi za kuzunguka katika msitu usio na kitu. Kwa hiyo anza kwa kuicheza upya gemu ya zamani, angalau sura zake za mwanzo, kabla ya kutoa hukumu yoyote juu ya mpya. Baldur's Gate ina toleo lililoboreshwa tangu 2012, linalofanya kazi vizuri kwenye kompyuta za sasa.

Unapoicheza, tenga mambo yaliyotokana na enzi yake na yale yaliyoifanya ipendwe. Baldur's Gate ilifuata kanuni za zamani ambazo kiwango cha kinga huwa bora kadiri namba inavyoshuka, jambo linalomchanganya kila mgeni. Katika Morrowind, upanga unaoonekana wazi kumgusa adui huweza kuhesabiwa kuwa umemkosa, kwa kuwa kompyuta imekwisha kurusha dadu isiyoonekana. Gemu mpya isipewe sifa kubwa kwa kuondoa usumbufu wa aina hiyo, wala isilaumiwe kwa kuuondoa. Picha na sauti nazo zisikuchukulie muda mrefu.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni jinsi ulimwengu wa gemu unavyoupokea uamuzi wa mchezaji. Hifadhi mchezo wako, kisha mshambulie mtu ambaye hadithi inamtegemea, au ukatae katakata jukumu ulilopewa, na utazame kinachofuata. Morrowind humruhusu mchezaji kumuua hata mtu huyo. Humwarifu kwamba uzi wa unabii umekatika, kisha humwachia achague kurudi nyuma au kuendelea kuishi katika ulimwengu aliouharibu. Oblivion ya 2006, iliyotengenezwa na kampuni ileile ya Bethesda, ilichagua njia nyingine: mtu muhimu huzimia akipigwa, kisha huinuka kama kwamba hakuna kilichotokea. Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian mwaka 2023, inakuruhusu kumuua karibu kila mtu, na hadithi hutafuta mlango mwingine wa kupitia. Kwa kipimo hiki naiona imesimama bega kwa bega na wakongwe, na mahali pengine imewapita.

Baada ya hapo, pima kama ulimwengu unaweza kusomwa. Katika Morrowind watu hukuelekeza kwa maneno, kwamba ufuate barabara fulani, uvuke daraja, ugeuke kaskazini, na maelezo hayo huandikwa katika shajara yako. Oblivion ikaweka alama kwenye dira, inayokuongoza moja kwa moja. Gemu mpya ikiruhusu, zima alama hizo kwa saa chache. Ikiwa mazungumzo peke yake hayakutoshi kufika uendako, basi waandishi hawakukusudia uutazame ulimwengu wao, walikusudia uupite. Najua kuwa mtu mwenye kazi na familia huziona alama hizo kuwa msaada mkubwa, na ana haki. Jaribio hili linapima tu kama maandishi yangesimama bila mkongojo huo.

Wenzi wa safari, yaani wahusika wanaojiunga na mchezaji, wanahitaji subira zaidi. Katika Baldur's Gate ya kwanza, Minsc anakusihi umwokoe Dynaheir, ilhali Edwin anataka umuue mwanamke huyohuyo, na hakuna njia ya kuwaridhisha wote wawili. Katika Dragon Age: Origins ya 2009, ukiyanajisi majivu matakatifu mbele ya mwenzi wako Wynne, atakugeukia kwa silaha. Chunguza, basi, kama wenzi katika gemu mpya wana misimamo ambayo inaweza kukugharimu, au kama wanakusifu tu kwa lolote ulifanyalo.

Kisha unda wahusika wawili walio kinyume kabisa, mmoja mwenye nguvu na akili finyu, mwingine dhaifu wa mwili na mwenye hekima nyingi, uwapitishe wote katika sehemu ileile. Planescape: Torment ilifika mbali katika hili, hata makabiliano yake ya mwisho yanaweza kumalizwa kwa maneno bila pigo lolote, ikiwa mchezaji amejijenga kwa hekima na akili. Wahusika wako wawili wakipewa majibu yaleyale, namba za nguvu na akili ulizowapangia mwanzoni zilikuwa za vita tu.

Usihukumu kabla ya kufika mwisho. Sura ya kwanza ya Baldur's Gate 3 ilianza kuchezwa na umma tangu Oktoba 2020, lakini haikuweza kuonyesha jinsi maamuzi yangelipwa baadaye. Na hata baada ya gemu nzima kutoka, sehemu ya kuagana na wenzi wa safari iliongezwa katika sasisho la Novemba 2023. Unapoandika maoni yako, taja toleo ulilocheza, ili msomaji ajue unazungumzia gemu ipi.