Jinsi ya kusoma mawe ya Blue Ridge: kutoka milima ya Grenville mpaka bahari ya Iapetus kufunguka

Juzi nilikesha na mdogo wangu anayesoma jiolojia, kapewa kazi ya kuchora mkato (mchoro wa mawe yalivyopangana chini ya ardhi, kama umeikata kwa kisu) wa milima ya Blue Ridge pale hifadhi ya Shenandoah, Virginia, Marekani, aeleze milima ya kale ilijengwaje na bahari ya Iapetus, bahari ya kale ambayo leo haipo, ikafungukaje. Naandika njia iliyotutoa maana najua wengi mnakwama palepale.

Hatua 1. Chukua ramani ya jiolojia ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani), karatasi ya grafu na penseli za rangi. Programu za kuchorea achana nazo kwanza, zinakupa mstari mzuri kabla hujajua mstari wenyewe una maana gani.

Hatua 2. Chora jiwe la chini kabisa: graniti na naisi (jiwe lenye mistari, lililogeuzwa na joto na mgandamizo), umri wake miaka bilioni 1 na zaidi. Hilo ni zao la milima ya Grenville, iliyoinuka mabara yalipogongana yakaunda bara kuu la Rodinia. Tafadhali usiandike kwamba Blue Ridge ya leo ndo milima ya Grenville! Ile ililiwa na mmomonyoko, tunachokanyaga ni mizizi yake. Juu ya graniti piga mstari mnene wa vilima na mabonde, maana lava iliyokuja baadaye iliikuta ardhi ina vilima. Mstari huo mmoja umemeza zaidi ya miaka milioni 400, yaani muda ambao hapo hakuna jiwe lililobaki kuuonyesha.

Hatua 3. Basalti (jiwe jeusi la lava iliyoganda) ya tabaka linaloitwa Catoctin, umri wake kama miaka milioni 570. Hapa ndo tulipoteza masaa, so soma taratibu.

Rodinia ilipovutwa ikaanza kupasuka, magma ilipanda kwenye nyufa ikamwagika juu, halafu kadiri mpasuko ulivyoendelea ndo Iapetus ikafunguka. Kwa hiyo jiwe hilohilo utalikuta sehemu mbili: ndani ya graniti kama daiki, yaani ukuta wa magma iliyogandia kwenye ufa, na juu ya graniti kama lava. Mdogo wangu alipaka yote rangi moja kama tabaka moja, mkato ukawa hauingii akilini kabisa, tunafuta tunachora tunafuta.

Angalia hivi. Daiki ina graniti pande zote mbili, na kingo zote mbili zina chembe ndogo kuliko katikati, kwa sababu zilipoa haraka zilipogusa jiwe baridi. Lava ina vitundu vya mapovu ya gesi, mara nyingi karibu na juu, vilivyojazwa madini baadaye. Kama bado una shaka, angalia nguzo: basalti ikipoa inapasuka kwa pembe mraba na uso uliopoa, so kwenye lava iliyotandazwa nguzo zinasimama, kwenye daiki iliyosimama zinalala. Pale mlima Old Rag njia inapita ndani ya daiki iliyolika kati ya kuta mbili za graniti, nguzo zimelala zikawa ngazi kabisa, unapanda kwa miguu yako mahali ardhi ilipoachana. Nguzo za lava nenda kaone kilele cha Compton Peak. Piga picha tu, kuokota mawe kwenye hifadhi hairuhusiwi.

Kingine, usidanganywe na rangi. Basalti hii leo utaikuta ya kijani. Ule ukijani umetokana na joto na mgandamizo wa baadaye sana, basalti ilipotoka ilikuwa nyeusi. Umri wa kumwagika na umri wa kugeuka kijani ni vitu viwili, viandike mbalimbali.

Halafu pima upana wa kila daiki. Daiki ya mita 2 maana yake ganda la dunia limeachana mita 2 hapo, na mvutano ulivuta kwa pembe mraba na ukuta wake. Mi napenda hii kuliko maelezo yote ya kitabuni.

Hatua 4. Juu ya lava weka mashapo (mchanga na tope vilivyogeuka jiwe) ya kundi linaloitwa Chilhowee. Kwenye kwatsaiti (mchanga uliogeuka jiwe gumu) ya juu tafuta mirija iliyosimama wima, mashimo ya viumbe wa Kambria (kipindi kilichoanza kama miaka milioni 540 iliyopita) waliochimba mchanga wa pwani. Bahari imeshafika.

Hatua 5. Kama miaka milioni 300 iliyopita Afrika iligonga Amerika Kaskazini, furushi zima la mawe haya likasukumwa kuelekea magharibi, likapanda juu ya mawe mengine. Kwa hiyo chini ya graniti yako chora ufa mkubwa uliolala, ambao furushi liliteleza juu yake, na chini ya ufa huo weka mawe ya chokaa ya Bonde la Shenandoah, lililo magharibi mwa milima, ambayo ni machanga kuliko graniti. Mwalimu akiuliza mbona la zamani liko juu, mwonyeshe ufa huo.