Jinsi ya kufuatilia kesi ya mwandishi aliyeuawa kwa pesa, hadi umjue aliyelipa

Wadogo zangu kadhaa wanaosoma uandishi wameniuliza nawezaje kufuatilia kesi ya Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa kisiwa cha Malta huko Ulaya aliyeuawa kwa bomu la gari mwaka 2017, miaka yote hii bila kuchanganyikiwa, maana kila baada ya miezi kadhaa linaibuka jina jipya, mara huyu kakiri, mara yule kapewa msamaha, mara mwingine kapata dhamana, ukikaa kidogo tu bila kusoma unakuta ushapotea. Nimeona niandike kwa kirefu jinsi ninavyofanya. Nitatumia kesi hiyo hiyo kwasababu ndo naijua zaidi, na ukishaielewa hii, ikitokea nyingine popote utajua pa kuanzia.

Kwanza nunua kaunta buku, quire 2 inatosha. Alafu kurasa 10 za mwanzo usiandike chochote kuhusu mauaji, andika marehemu alikuwa anafuatilia nini. Watu wengi hapa ndo wanapokosea, wanaanza na bomu, wanaanza na damu, wakati mtu aliyelipa pesa hakuwa na shida na damu ya yule mama, shida yake ilikuwa kile alichokuwa anakiandika. Daphne alikuwa na blogu yake inaitwa Running Commentary, kisiwa kizima kilikuwa kinaisoma, wanaompenda na wanaomchukia. Aliandika kuhusu kampuni za siri za Panama zilizofunguliwa kwa ajili ya waziri mmoja na mkuu wa ofisi ya waziri mkuu, akaitaja kampuni ya Dubai inaitwa 17 Black wakati hakuna aliyejua ni ya nani. Siku anakufa alikuwa na kesi za kashfa zaidi ya 40 mahakamani, nyingine zimefunguliwa na wanasiasa, na akaunti zake za benki zilishawahi kufungiwa kwa ombi la waziri. Yaani kabla ya bomu walishajaribu kumnyamazisha kwa makaratasi. Hayo yote yaandike, kila jina na kila kampuni, mbele ya kila jina weka mwezi na mwaka alipoanza kuliandika.

Sasa ndo uje kwenye siku yenyewe. Oktoba 16, 2017, kijijini Bidnija. Saa nane na dakika 35 mchana anaweka andiko lake la mwisho, anasema ukiangalia popote sasa ni wahuni tu na hali ni mbaya mno, muda mfupi baadae anatoka nyumbani na gari dogo la kukodi, Peugeot 108, hakufika mbali. Mwanae Matthew alikuwa ndani, akasikia mlipuko, akakimbia peku hadi barabarani. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo. Mtoto anakimbia peku kuelekea kwenye moto ambao mama yake yumo ndani. Usiruke ukurasa huo ukadhani ni wa huzuni tu, kwasababu familia hii ndo itakuja kuibeba kesi, na bila wao pengine tungekuwa tumeshasahau.

Ukimaliza, chora ngazi. Mauaji ya kukodi yana ngazi zake na mimi nazichora kuanzia chini. Chini kabisa ni aliyebonyeza au aliyepiga risasi. Juu yake aliyeleta kifaa. Juu yake tena mtu wa kati, yaani dalali, anaezunguka na pesa. Na juu kabisa mwenye pesa. Acha nafasi ya kutosha kila ngazi maana majina yatakuja taratibu sana, nakwambia taratibu haswa.

Kwa Daphne ngazi ya chini ilijaa haraka. Disemba 4, 2017 wakakamatwa watu 10, watatu wakashtakiwa, ndugu wawili George na Alfred Degiorgio pamoja na Vincent Muscat. Bomu lililipuliwa kwa sms. George alikuwa kwenye boti baharini, Alfred yuko kilimani anaangalia gari likitoka. Walikuwa na simu na laini za kutupa, walijipanga vizuri, lakini George akiwa huko huko kwenye boti akaishiwa salio, akampigia rafiki yake amuwekee vocha ya euro 5. Vocha! Wachunguzi walichambua mawasiliano ya minara, FBI ya Marekani nao walisaidia, wakaona simu yake ya kawaida na ile ya kutupa ziko sehemu moja. Ndo maana nawaambia siku zote kwenye habari hizi msiruke vitu vidogo, risiti, vocha, namba ya gari, andika.

Wakishakamatwa wa chini ndo wakati wa hatari kwako wewe mfuatiliaji. Serikali itaitisha press, watu watapiga makofi, na baada ya hapo kimya. Malta walikaa karibu miaka miwili kwenye kimya hicho. Tumia kipindi hiki kuangalia nani anaishika kesi. Hakimu wa kwanza aliyekuwa zamu ilibidi ajitoe kwasababu Daphne alishamwandika vibaya, na naibu kamishna wa polisi aliyeongoza uchunguzi mkewe alikuwa waziri kwenye serikali ile ile, familia ikaenda mahakamani na mwaka 2018 mahakama ikaamua akae pembeni. Kwahiyo kwenye daftari weka ukurasa wa wachunguzi, andika kila mmoja anaripoti kwa nani na ana undugu na nani. Hilo sio umbea, mtu hawezi kumchunguza bosi wa mkewe.

Alafu sikiliza sauti za mtu wa kati. Huyu ndo uti wa mgongo wa kesi yoyote ya kukodi, maana aliyebonyeza mara nyingi hamjui mwenye pesa kabisa. Novemba 2019 polisi walimkamata dereva teksi mmoja anaitwa Melvin Theuma, hata sio kwa mauaji, ilikuwa operesheni ya pesa chafu. Alikutwa na boksi la ice cream. Ndani yake kuna flashi zenye rekodi alizokuwa anarekodi kwa siri kwasababu alijua siku moja na yeye watammaliza. Akaomba msamaha wa rais ili aseme kila kitu, akapewa ndani ya mwezi huo huo. Mahakamani akaeleza bei, euro 150,000, 30,000 kabla ya kazi na 120,000 baada ya kazi. Msamaha kama huo unauma na najua kuna watakaosema huyu nae ni muuaji kwanini atembee, mimi pia niliumia, ila ukiangalia ngazi yako utaona bila yeye ya juu ingebaki tupu hadi leo.

Kwasababu siku chache baada ya Theuma kukamatwa, alfajiri ya Novemba 20, boti ya kifahari ya Yorgen Fenech ilikuwa inaondoka bandarini ikazuiwa. Fenech ni mfanyabiashara mkubwa, mwenye hisa kwenye mradi wa umeme, na ndie aliyekuja kugundulika mmiliki wa ile 17 Black. Hapo rudi kwenye kurasa zako 10 za mwanzo uone jina la kampuni limekaa pale likikusubiri. Alishtakiwa mwisho wa mwezi kwa kushiriki mauaji na yeye anakana. Hapa kuna sheria moja nawaomba muishike, mtu akiwa hajahukumiwa mwite mshtakiwa, andika anakana, hata kama roho inakuchemka. Daphne mwenyewe aliburuzwa mahakamani mara ngapi, hatuwezi kumtetea kwa uzembe. Kwenye ngazi mimi waliohukumiwa nawaandika kwa peni, walioshtakiwa tu naandika kwa penseli.

Baada ya hapo barabara za Valletta, mji mkuu wa Malta, zikajaa watu wanaoandamana, na Disemba 1 waziri mkuu Joseph Muscat akatangaza ataachia ngazi, Januari 2020 akaondoka.

Kitu kingine ambacho huku kwetu watu wengi hawakitofautishi ni kesi ya jinai na tume ya uchunguzi. Kesi inauliza nani kaua. Tume inauliza dola ilikuwa wapi. Familia ya Daphne ilipigania tume miaka miwili, serikali inasema subirini kesi iishe kwanza, hadi Baraza la Ulaya likabana ndo ikaundwa. Julai 2021 ripoti ikatoka ikasema dola inabeba lawama kwa kifo kile kwasababu ilijenga mazingira ya watu kufanya uovu wakijua hawaguswi. Ukifuatilia kesi yoyote dai vyote viwili, na usikubali kimoja kitumike kuchelewesha kingine.

Hukumu zenyewe ziandike ukurasa wa nyuma. Vincent Muscat alikiri Februari 2021, miaka 15. Ndugu Degiorgio walikana kwa miaka karibu mitano alafu Oktoba 2022, siku ya kwanza tu ya kesi kusikilizwa, wakabadilika wakakiri, miaka 40 kila mmoja. Waliopeleka bomu, Robert Agius na Jamie Vella, walikutwa na hatia Juni 2025, kifungo cha maisha. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka minane.

Na hukumu ikitoka usifunge daftari, angalia mlango wa gereza. Hili nimejifunza kwa jirani zetu Msumbiji. Carlos Cardoso alikuwa mhariri wa Metical, gazeti dogo la kutumwa kwa faksi, akafuatilia wizi wa dola milioni 14 kwenye benki ya BCM, na Novemba 22, 2000 akapigwa risasi Maputo akitoka ofisini. Kesi ilirushwa laivu kwenye redio na tv, nchi nzima ikasikiliza, watu 6 wakahukumiwa Januari 2003. Sasa yule aliyeunda kikosi cha wauaji, Anibalzinho, alitoroka gerezani hata kabla kesi haijaanza, akarudishwa, 2004 akatoroka tena akaibukia Canada, 2008 akatoroka mara ya tatu. Mara tatu! Sasa jiulize nani anafungua.

Slovakia nako sitakaa sana, mwandishi Ján Kuciak na mchumba wake Martina Kušnírová waliuawa Februari 2018, aliyepiga risasi na mtu wa kati walifungwa, ila mfanyabiashara aliyeshtakiwa kuagiza aliachiwa mara mbili na mahakama, na mara zote mbili mahakama kuu kabisa ilirudisha kesi. Ngazi ni ile ile, na ugumu uko juu kule kule.

Mwisho niongelee tarehe. Malta walichagua tarehe 16 ya kila mwezi, wanakusanyika na mishumaa mbele ya mnara unaotazamana na mahakama, wanaweka maua na picha yake. Usiku wafanyakazi wa serikali wanafagia vyote, asubuhi kina mama wanarudi na maua mengine, hivo hivo kwa miezi na miezi, hadi Januari 2020 mahakama ikasema kufagia vile ni kuvunja uhuru wa kujieleza. Kwahiyo chagua tarehe yako. Mimi kila tarehe 16 nafungua kaunta buku, naangalia vitu vitatu, kuna mtu amepanda kutoka penseli kwenda peni, kuna kesi imepangwa tarehe, na kuna mtu yeyote ameendeleza habari alizoziacha Daphne. Hicho cha tatu ndo kilichonipa moyo zaidi, mwaka 2018 waandishi 45 kutoka nchi 15 waligawana kazi zake wakaziendeleza, yaani aliyelipa ili habari ife akajikuta ana watu 45 mlangoni.

Kama huna muda wa vyote hivi, basi anza na zile kurasa 10 usiku wa leo, soma andiko lake hata moja, uliandike kwa mkono wako.