Bodi ya Shule Ikiletewa Hoja ya Chanjo kwa Wanamichezo

Kwenye bodi yetu, sekondari ya kata huku Uyui, hoja ililetwa na mwalimu wa michezo: asiye na kadi ya chanjo asiingie kambi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimechoma sindano za chanjo tangu ujana wangu, na ningependa kila mtoto wa Tabora achanjwe. Hata hivyo niliomba tusipige kura siku ile. Nawaandikia wajumbe wenzangu mnaoweza kuletewa hoja kama hiyo, maana mtoto anaweza kukosa timu kwa sababu ya karatasi iliyoliwa na mchwa.

Kwanza mwulizeni mleta hoja: ni chanjo ya ugonjwa gani? Neno "chanjo" peke yake halitoshi kutungia sharti. Surua inahusu kambi moja kwa moja. Watoto wanalala darasani, godoro kwa godoro, na virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Pepopunda haiambukizwi mtu kwa mtu. Huingia kwa kidonda, kwa hiyo inamhusu mchezaji mwenyewe anayechubuka kwenye uwanja wa changarawe. Ya virusi vya HPV ni habari nyingine kabisa. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi, hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Naipigania chanjo hii kwa moyo wote, lakini netiboli haienezi virusi hivyo. Mkiifanya sharti la kambi, mtakaowazuia ni wasichana peke yao.

Kisha tenganisheni mtoto asiye na kadi na mtoto asiyechanjwa. Hapa ndipo kazi ilipo. Familia nyingi za huku huhama kufuata tumbaku, leo Urambo, kesho Kaliua, na kadi ya kliniki hubaki kwenye nyumba iliyoachwa. Mwalimu wa afya aandike kwa kila mwanamichezo: mwaka aliozaliwa, kijiji, jina la mama, na zahanati alikokuwa akipelekwa kliniki. Orodha hiyo ipelekwe kwa mganga mfawidhi, rejesta zitafutwe. Asomaye kadi naye ajue historia ya ratiba ya chanjo. Dozi ya pili ya surua, ile ya miezi 18, iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2014, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuwa na dozi moja tu kwenye kadi bila mzazi kuzembea. Oktoba mwaka huohuo kulikuwa na kampeni ya surua-rubella kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Mwulizeni mama kama mwanawe alipata. Akina mama wanakumbuka sana mambo haya ukiwauliza kwa upole.

Mkibaki na majina ya wasiochanjwa kweli, msiahidi kitu kwa wazazi bado. Surua-rubella ya ratiba imepangiwa watoto wadogo. Mwandikieni mratibu wa chanjo wa halmashauri aseme nini kinawezekana kwa kijana wa miaka 15, na nakala iende kwa afisa elimu sekondari, kwani ratiba ya chanjo hupangwa na Wizara ya Afya, si bodi. Fanyeni hayo Februari. Baada ya sindano mwili huhitaji wiki mbili hivi kujijengea kinga, na hoja inayoletwa Mei haimpi mtoto nafasi hiyo.

Barua kwa wazazi iwe fupi, yenye jina la ugonjwa. Muuguzi aje kwenye mkutano wa wazazi ajibu maswali, hata ya bibi anayelea wajukuu na aliyesikia maneno ya sokoni. Mtu akibisha, someni Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8: kinampa mtoto haki ya matibabu pamoja na chanjo, na palepale kinampa haki ya kucheza. Bodi inapaswa kuzilinda zote mbili.

Mjumbe mmoja alitaja Los Angeles, Marekani. Ni kweli, bodi ya shule za huko iliamua Septemba 2021 kwamba wanafunzi wa miaka 12 na zaidi walio kwenye michezo na shughuli za nje ya darasa wamalize dozi za UVIKO-19 ifikapo 31 Oktoba. Wengine walipewa hadi Januari 2022, lakini Desemba 2021 bodi ikaahirisha sharti hilo kwa sababu maelfu walikuwa hawajachanja. Hapa kwetu chanjo hiyo ilizinduliwa Julai 2021 kwa hiari, kwa watu wazima. Msiige sharti la mahali penye sheria tofauti.

Muhtasari uandikwe hivi, nanyi mrekebishe: "Bodi inaelekeza kumbukumbu za chanjo za wanamichezo zihakikiwe na zahanati kabla ya mwisho wa Machi. Hakuna mwanafunzi atakayeondolewa kwenye timu kwa kukosa kadi. Ukitokea mlipuko wa surua, mganga mfawidhi atashauri nani asiingie kambini na kwa siku ngapi, na nafasi yake kwenye timu itatunzwa."