Jinsi ya kujisajili KCSE ukiwa mtu mzima, mpaka ufike chuoni: kwa walio Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kila mwaka mpya ukianza, watu hunisimamisha pale sokoni Kibuye, Kisumu, na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama wanaouliza bei ya kitu wasichoweza kununua: "Mwalimu, mtu wa umri wangu bado anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne?" Anaweza. Hakuna umri unaomfungia mtu nje. Anayejisajili nje ya shule huitwa mtahiniwa wa kibinafsi. Hufanya karatasi zilezile wanazofanya watoto wa shule, na cheti chake kina uzito uleule.

Ila usiahirishe. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) lilifanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, mwaka 2023, likaingia kidato cha kwanza 2024, na litafanya KCSE, ule wa kidato cha nne, mwaka 2027. Kwa sasa vitabu, walimu na mitihani ya nyuma ya mtaala huu vinapatikana kila mtaa. Tumia nafasi hiyo ingali wazi.

Karatasi kabla ya vitabu

Wengi ninaowafahamu hawakupoteza mwaka kwa kushindwa na Hisabati. Waliupoteza kwa sababu ya jina. Mama mmoja muuza omena aliniletea cheti chake cha KCPE ndani ya mfuko wa sukari aliokuwa ameukunja mara nne. Cheti kilikuwa na jina la babake. Kitambulisho alichokichukua baada ya kuolewa kilikuwa na jina la mumewe, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limepungua herufi moja. Tuligundua hayo siku tatu kabla ya usajili kufungwa. Mwaka huo hakufanya mtihani.

Kwa hiyo keti mezani, utandaze vitu vitatu: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha darasa la nane (au CPE, kwa waliomaliza la saba kabla ya 1985). Soma majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, nenda kwa wakili au mahakamani ule kiapo kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha ujisajili kwa jina lililo kwenye cheti cha KCPE. Tena fanya hivyo mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla foleni hazijaanza.

Kama cheti hukioni, usikimbilie kusema kimepotea. Rudi kwanza kwenye shule yako ya msingi. Kuna mwendesha boda wa Mamboleo aliyekaa zaidi ya miaka 20 akidhani cheti chake kilichomeka na nyumba yao, kumbe hakuwahi kukichukua. Kilikuwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, kati ya vyeti vingine vya mwaka huohuo. Kikiwa kimepotea kweli, piga ripoti polisi upewe hati yao iitwayo abstrakti, kisha upeleke ombi kwa Baraza la Mitihani (KNEC) kupitia mfumo wao wa mtandaoni uitwao QMIS.

Kutafuta kituo

Nenda mwenyewe kwa ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo unakoishi. Uliza ni shule zipi zinapokea watahiniwa wa kibinafsi mwaka huo. Usajili hufunguliwa miezi ya kwanza ya mwaka na ukifungwa umefungwa, kwa hivyo fika hapo Januari. Ukiwa ofisini humo, ulizia pia afisa wa elimu ya watu wazima, maana ndiye anayejua madarasa ya jioni na ya Jumamosi yaliyo karibu nawe. Kama hukuwahi kufanya mtihani wa darasa la nane, anza kwa afisa huyohuyo.

Katika kuchagua kituo, fikiria asubuhi ya Novemba yenye mvua. Mtu wa Ahero asichague shule ya katikati ya Kisumu kwa ajili ya jina lake kubwa. Karatasi ya kwanza huanza saa mbili, na matatu haijui kwamba una mtihani. Uliza pia kama kituo kina maabara, na kama watakuruhusu kuitumia kabla ya siku ya mtihani. Jibu la swali hilo litakusaidia kuchagua masomo.

Serikali huwalipia watahiniwa walio shuleni, lakini wa kibinafsi hujilipia. Ada ni ya KNEC na hulipwa kwa njia rasmi inayokupa risiti. Mtu akikuambia umtumie kwa M-Pesa yake "akuingize kwenye mfumo", mkatalie, hata kama ni jamaa yako. Nimeona fedha za chama kizima zikipotea hivyo.

Masomo: hapa usifanye haraka

Unahitaji masomo saba ili upewe gredi ya wastani. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima. Yanayobaki huchaguliwa kwa makundi: sayansi, masomo ya jamii, kisha yale ya ufundi na biashara.

Tangu matokeo ya 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kwa mtu mzima badiliko hilo ni la neema. A ni pointi 12, E ni pointi 1. Chukua mtu aliyepata D ya Hisabati (3), C+ ya Kiswahili (7), C ya Dini (6), C- ya Historia (5), C- ya Biashara (5), D+ ya Kiingereza (4) na D ya Baiolojia (3). Jumla ni 33. Pointi 32 hadi 38 ni C-, na C- inakufungulia mlango wa diploma katika vyuo vya kiufundi. Huyo hakuwa bingwa wa chochote, ila hakuna somo alilolitupa. Chuo kikuu huanzia C+, yaani pointi 46.

Anza na kozi unayoitaka ndipo uchague masomo. Anayetaka diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, anahitaji wastani wa C, na C ya Baiolojia na ya Kiingereza au Kiswahili. Huyo haikwepi maabara. Nawashauri watahiniwa wa kibinafsi waepuke Kilimo na Kompyuta, kwa sababu yana mradi unaoanza mapema katika mwaka wa mtihani na kusimamiwa na mwalimu hatua kwa hatua. Ukikaa nyumbani, alama hizo zinakupita.

Kemia nayo isomwe kwa mikono. Nilimwona fundi wa kushona, mwanamke hodari sana, akishika bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza. Alifungua koki yote, rangi ikaruka kutoka maji meupe hadi waridi iliyokolea, na jaribio likawa limeharibika. Tulirudi Jumamosi nne. Siku ya nne alikuwa akidondosha tone, anatikisa chupa, anangoja, anadondosha lingine, vilevile anavyopitisha sindano kwenye hariri. Omba kituo chako Jumamosi hizo muhula wa pili.

Ukishasajiliwa, dai uone orodha ya majina iliyochapishwa kabla ya kutia sahihi. Soma jina lako, kisha soma nambari zinazotambulisha masomo. 313 ni Dini ya Kikristo, 314 ni ya Kiislamu. Kidole kikiteleza kwenye kibodi, utaletewa karatasi ya somo usilolijua. Nakili nambari yako ya mtahiniwa, yenye tarakimu 11, mahali pawili.

Vitabu vya fasihi hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Usirithi vya dadako kabla ya kuuliza vinavyotahiniwa mwaka wako.

Matokeo yakitoka

Huduma ya KUCCPS ndiyo inayopanga wanafunzi katika vyuo vikuu, vyuo vya kiufundi na KMTC. Ikitangaza kufungua maombi, ingia kwenye tovuti yao kwa nambari yako ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani. Ukienda saiba, keti kando ya anayekuandikia na uchague kozi mwenyewe. Nywila iwe yako, si ya saiba.

Gredi ndogo isikufanye ufiche karatasi ya matokeo. Mwenye D huingia kozi ya cheti cha ufundi, mwenye D- au E huanza na atisani, ngazi ya chini ya ufundi, na kutoka hapo hupanda ngazi hadi diploma. Kisumu kuna Kisumu National Polytechnic, Kakamega kuna Sigalagala, Nakuru kuna Rift Valley National Polytechnic, zamani RVIST. Fundi ambaye tayari ana ujuzi wa miaka mingi, awe wa magari au wa kuchomelea, aulize katika vyuo hivyo kuhusu kupimwa na kutambuliwa kwa ujuzi alioupata kazini. Huenda asihitaji kuanza mwanzo.

Cheti chenyewe hufika kituoni miezi kadhaa baada ya matokeo. Kifuate mwenyewe, ukiwa na kitambulisho, na usome jina lako lote kabla ya kutia sahihi kwenye daftari.