Nguruwe pori kwa upinde: kuanzia mshale hadi sufuria

Juzi nilimsindikiza kijana mmoja kwenye nguruwe wake wa kwanza, na karibu kila alichokosea niliwahi kukikosea mimi. Naandika ili nisirudie maelezo yale yale. Kibali na ruhusa ya mwenye shamba ni juu yako. Kuna nchi haziruhusu kabisa kuwinda kwa upinde, kwa hiyo uliza kabla hujanunua chochote.

1. Vifaa

Upinde wenye uzito wa kuvuta wa ratili 50 au zaidi, na mshale mzito, gramu 30 hivi. Chembe, yaani ncha ya chuma ya mshale, iwe ya wembe usiokunjwa. Najua wapo wanaozisifia zile zinazofunguka zikigonga, mimi sizitaki. Dume mzee ana ngao ya ngozi ngumu begani, na chembe inayotumia nguvu yake kujifungua inaishia humo. Noa hadi wembe unyoe vinyweleo vya mkono.

2. Upepo

Ukupige usoni. Macho ya nguruwe ni ya kawaida tu, pua yake ndiyo mlinzi. Ukiusikia upepo kisogoni, rudi nyumbani.

3. Kupiga

Mita 20, basi. Moyo na mapafu ya nguruwe viko chini na mbele kuliko vya swala. Aliyezoea swala hupiga nyuma mno, anaambulia tumbo. Ngoja asimame ubavu, au akupe mgongo kidogo, mguu wa mbele wa upande wako ukiwa umetangulia. Lenga theluthi ya chini ya kifua, pale kiwiko cha mguu kinapogusa mbavu. Akikutazama uso kwa uso, usiachie.

4. Kumfuata

Hapa ndipo nilipoteza saa tano za usiku, nikiwa na tochi inayokufa. Nilimpiga, nikasikia vichaka vinavunjika, nikakimbilia huko huko. Alikuwa amelala hatua hamsini tu. Aliponisikia akanyanyuka na kwenda zake kwenye matete.

Ukishapiga, kaa kimya. Kumbuka alisimama wapi na alipotelea kwenye mti gani. Kisha nenda taratibu uuangalie mshale, maana ndio utakaokuambia usubiri kiasi gani. Damu nyepesi yenye povu ni ya mapafu: nusu saa inatosha. Damu nyeusi nzito mara nyingi ni ini: mpe saa tatu au nne. Mshale ukiwa na ute wa kijani, nusa. Ukinuka kinyesi, umepiga tumbo, na hapo usimguse kwa saa sita hadi nane, hata kama mikono inawasha.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kwamba nguruwe anaweza kukimbia bila kudondosha tone. Mafuta yake huziba tundu, na manyoya hunyonya kinachotoka. Kwa hiyo usitazame ardhini tu. Tazama majani yaliyo kimo cha goti, upande wa chini pia, kwa sababu damu hupakwa anapojisugua kupita. Kila alama mpya ifunge kitambaa, ili ukipotea ugeuke uone mstari. Usiingie kichaka kinene kwa magoti kumfuata aliyejeruhiwa. Meno ya dume hukata kama kisu, na hukata usawa wa paja. Ukimkuta, mkaribie kwa nyuma na umguse jicho kwa ncha ya fimbo ndefu. Likipepesa, mshale mwingine.

5. Kuchuna

Kijana wangu alitaka kuanza mikono mitupu. Nguruwe pori anaweza kuwa na bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza watu, huku akionekana mzima kabisa, na vijidudu huingia kwa mchubuko au kwa damu kurukia macho. Vaa glavu za mpira na miwani, na kidonda kifunikwe kabla. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Kizazi na korodani zishike kwa tahadhari ya ziada, hapo vijidudu hujaa. Kisu kisitoboe utumbo wala kibofu. Ukimaliza, glavu zichomwe au zifukiwe, visu vioshwe kwa sabuni na klorini. Nyama ipoe haraka hadi nyuzi 4 au chini. Ukiwa na barafu, anza na mapaja, maana joto hujificha kwenye mfupa.

Mbwa asipewe mabaki mabichi. Ugonjwa wa Aujeszky, wa virusi vya nguruwe, ni nadra kumsumbua binadamu, ila mbwa humuua.

6. Kupika

Nyuzi 71 katikati ya mnofu, kwa kipimajoto. Rangi hudanganya. Kugandisha hakuui bruselosi, na baadhi ya minyoo ya trikinela huvumilia barafu. Kukausha na moshi usivitegemee.

Ukishikwa na homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na viungo kuuma, hata miezi kadhaa baadaye, mwambie daktari mapema kwamba ulichuna nguruwe pori. Usipomwambia, hatakuwa na sababu ya kukupima bruselosi.